Tisini Wamekwenda, Kimebaki Kitu

Ukisema mbele za watu kwamba unakaa Nakasero, wanakuangalia viatu kwanza. Nimezoea. Sijisumbui kuwaeleza kuwa Nakasero ninayokaa mimi ni vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba ya watu, alipokuwa akilala mpishi zamani, na kwamba mbwa wa mwenye nyumba ana nafasi kuliko mimi. Anwani ni anwani. Ubaya wa anwani hii ni mmoja tu: iko juu.

Kilima chenyewe si cha kutisha. Chini kuna soko, juu kuna Ikulu, katikati wamejaa mabalozi, mahoteli na mahospitali. Mtu mwenye miguu mizima anatoka sokoni akafika juu kabla hajamaliza hindi lake la kuchoma. Mimi nina gari, ndiyo maana nachelewa.

Gari ni Peugeot 504 la mwaka 1979. Sisi tuliokua nalo tunaliita Pijo, na tukilitaja tunashusha sauti kidogo, kama mtu anayemtaja shehe wake. Liliunganishwa Kenya, nikalinunua Tanga mkononi mwa mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa akiliendesha Ijumaa kwa Ijumaa, msikitini na kurudi. Lilikuja na kitabu chake chenye madoa ya oili, na ukurasa wa injini unasema: silinda nne, lita mbili kasoro kidogo, nguvu za farasi tisini na kitu. Hiyo "na kitu" si uvivu wangu wa kusoma. Tarakimu ya pili imeliwa na mende. Nilipokuwa Tanga sikuona haja ya kuitafuta. Unakanyaga, gari linaondoka, mnazi unapita, mnazi mwingine unapita. Leo, baada ya miaka ishirini ya Kampala, naona yule mende alikuwa na elimu ya mbele: tisini wamekwenda, kimebaki kitu.

Jumamosi iliyopita ndipo nilipofika mwisho wa uvumilivu. Tulikuwa tumetoka sokoni mimi na Mama Watoto. Ndani ya buti mlikuwa na mkungu wa matoke, mananasi sita, gunia dogo la mkaa na kuku wawili wazima. Barabara niliyoizoea ilikuwa na foleni, nikasema nizunguke nipandie Akii Bua Road. Kosa.

Kwa vijana wasiojua, John Akii-Bua ni yule Mganda aliyekwenda Munich mwaka 1972, akapangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali ambayo wakimbiaji hawaitaki, akakimbia mita 400 akiruka viunzi kumi, akamaliza kwa sekunde 47.82. Medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda, rekodi ya dunia, na mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48 katika mbio hizo. Hesabu yake niliipiga usiku, kwa hasira. Ni kilomita 30 kwa saa. Thelathini, kwa miguu, na viunzi juu yake! Mshale wangu ulikuwa kwenye ishirini, na mimi sikuruka kitu. Hata matuta ya barabarani sikuyaruka, niliyapanda.

Gia ya tatu ilikataa mapema. Nikateremka ya pili. Injini ikalia kama ng'ombe anayeitwa na asiyemjua, mwendo ukabaki uleule. Ikanipita bodaboda iliyobeba magodoro matatu na abiria aliyeyashika magodoro. Ikanipita bodaboda nyingine ambayo dereva wake alikuwa anaongea na simu. Kisha, na hili nalieleza kwa kuwa nimekwishaamua kusema kweli yote, akanifikia mwanamke mwenye beseni la ndizi kichwani. Hakunipita. Tulikwenda sambamba, dirisha kwa beseni, akainama kidogo bila ndizi hata moja kutikisika, akaniangalia usoni, akasema, "Bambi, ssebo." Pole, bwana. Nilitaka kumjibu lakini sikutaka kuondoa akili kwenye mafuta.

Nyuma yangu palikuwa na gari moja jeusi refu lenye vioo vyeusi, na mwenye gari hilo alikuwa na honi ambayo bila shaka ililipiwa ushuru peke yake.

"Baba Watoto," akasema mke wangu, "nishuke?"

"Ushuke ufanye nini?"

"Nipunguze uzito."

Nilimwambia asinitanie. Alikwishafungua mlango, kwa mwendo ule hakukuwa na hatari yoyote. Akachukua na mananasi mawili. Nilipoingia getini nilimkuta ameshavua viatu, amekaa kibarazani, anamenya la kwanza.

Mzee ukiwa na gari kuukuu, kila mtu katika mji huu ni daktari wako. Mlinzi wa getini anasema ni plagi. Muuza gazeti anasema petroli ya siku hizi ina maji. Jirani yangu, mtu wa heshima, ameniambia mara tano nitoe injini ile nifunge ya Toyota, na anasema hivyo kwa upole, kama anayemshauri mtu aoe mke wa pili. Wengi hukata shauri kwa neno moja: uza. Niuze kwa nani? Bunge la hapa lilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Gari langu lina miaka hiyo mara tatu na chenji inabaki. Kama si kwamba liliingia zamani, lingekuwa linasubiri mpakani hadi leo, na mimi nimekaa juu ya boneti.

Wala si kwamba linatoka ukoo dhaifu. Bert Shankland wa Tanzania alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, baba mzazi wa hili langu, wakati ambapo njia ya mashindano ilikuwa ya nchi tatu na tope lake lilikuwa la nchi tatu. Mwaka 1968 yalimaliza magari saba tu, na la kwanza lilikuwa 404 tena, safari hiyo chini ya Nick Nowicki. Mwaka 1975 ikawa zamu ya 504 yenyewe, chini ya Ove Andersson. Nikiwasimulia haya wale vijana wa bodaboda pale kwenye kijiwe, wananisikiliza kwa adabu, halafu mmoja anauliza, "Sasa Mzee, hili nalo lilishindwa mwaka gani?"

Nina fundi wangu wa miaka mingi, huku bondeni upande wa spea. Ni mtu mwema, ila ugonjwa wake ni kuwa na imani moja kila mwaka. Mwaka wa kwanza aliamini plagi. Tukabadili plagi. Mwaka wa pili aliamini pointi za distribyuta, tukazisugua, tukaweka mpya, tukarekebisha taimingi. Ukafika mwaka wa pampu ya mafuta. Kila alipobadili kitu gari lilivuta vizuri kwa siku tatu, ambazo nadhani zilikuwa siku zangu mimi za kulihurumia, kisha likarudi kwenye ishirini yake. Plagi moja kati ya hizo, niliyouziwa katika duka moja la mjini, ilikuwa mpya kwenye boksi na nzee ndani ya boksi. Sitaji duka. Wanalijua wenyewe.

Mimi nami nilikuwa na imani yangu, na niliishikilia kwa miaka kumi na kitu: risasi. Si ile ya bunduki. Zamani petroli ilitiwa risasi, madini, ili isilipuke ovyo ndani ya silinda, na ile risasi ikawa inalainishia pia vile viti ambapo valvu hukaa. Kufikia Januari 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo, kwa sababu ilikuwa inawaharibu watoto akili, na hakuna mtu mwenye akili ya kubishana na hilo. Nikawa natangaza kila mahali kwamba gari langu linaumwa kwa ajili ya afya ya umma. Lilikuwa jambo zuri kulisema kwenye harusi. Fundi ndiye aliyenivunja moyo. Alifungua boneti akagonga juu ya injini kwa spana, ko-ko-ko.

"Mzee, hedi hii aluminiamu. Viti vya valvu wamevipachika, chuma kigumu. Wanaolia na risasi ni wale wa hedi ya chuma kitupu, wa Morris Minor huko. Wewe lia na kitu kingine."

Basi nikamwita mpwa wangu, anasoma uhandisi Makerere. Nilimwita kwa wali wa nazi, maana kwa hoja asingekuja. Akala, akaosha mikono, akaomba kalamu. Nilipoona anachora mlima nikajua nimekwisha.

"Mjomba," akasema, "farasi wako wa kwanza waliibiwa kabla hujafika Kampala."

Alivyoeleza ni hivi. Injini haili petroli tu, inakula hewa, na hewa ndiyo chakula chenyewe, petroli ni kachumbari. Tanga iko usawa wa bahari, hewa ni nzito, sahani imejaa. Kila unapopanda mita elfu moja, injini ya kabureta kama yangu inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, bila kosa la mtu. Kampala iko mita 1,200 hivi, na kilima cha Nakasero kinaongeza chake. Hapo wamekwenda farasi kumi na mmoja au zaidi. Nikakumbuka safari yetu ya kuhamia huku, tulipopita Timboroa kule Kenya, zaidi ya mita 2,700, na gari likazira. Nilishuka nikalisemesha kwa ukali, maskini. Kumbe zaidi ya robo ya farasi walikuwa wamelala kwa kukosa pumzi, na mimi nawatukania wazazi.

Tena kabureta halijui kama limehama. Jeti zake zilipimwa kwa hewa ya pwani, linaendelea kumwaga petroli ileile kwenye hewa pungufu. Ndiyo maana plagi zangu zikitolewa ni nyeusi ti, kama zimetoka jikoni kwa mama ntilie. Miaka ishirini nimeishi Kampala, gari langu bado linakula Kitanga.

Nikamuuliza: mbona basi miaka ya mwanzo hapa hapa Nakasero lilikuwa linapanda kwa gia ya tatu? Akasema hao ni wezi wa pili. Akaanza kuwataja, nikaona ni kama ile ofisi ambayo hakuna mwizi mkubwa, kila mmoja anachukua karatasi mbili na kalamu moja, mwisho wa mwaka hakuna ofisi. Ringi za pistoni zinalika, mlipuko unaotakiwa kusukuma pistoni unachuruzika pembeni unapotelea chini kwenye oili. Valvu hazikai vizuri, upepo unatoroka. Cheni ya taimingi inalegea, valvu zinachelewa kufunguka kama karani aliyerudi chai. Eksozi imejaa masizi. Vumbi la murram limepita kwenye chujio lililochanika na kusugua silinda kama msasa. Na hilo la kuendesha kilomita mbili asubuhi na kilomita mbili jioni, injini haijapata hata joto, petroli isiyoungua inateremka kuosha oili kwenye kuta za silinda. Hapo aliniangalia. Kutoka nyumbani hadi ninapofundisha ni kilomita mbili.

(Nafundisha Kiswahili. Katiba ya hapa ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaja kuamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima mashuleni. Miaka kumi na saba kutoka gia ya kwanza hadi ya pili. Kwa hiyo nikisema najua vitu vinavyopanda polepole, msinibishie.)

Kilichoniuma ni hesabu yake ya mwisho. Farasi mmoja wa injini, wanavyompima hao wa Ulaya, ni nguvu ya kuinua kilo 75 mita moja kwa sekunde moja. Gari langu, sisi, matoke na kuku tulikuwa tani moja na nusu. Mlima akaukadiria unapanda mita nane katika kila mia. Kwa kilomita 20 kwa saa, akapiga, akafuta, akapiga.

"Tisa, Mjomba. Kumi na mmoja tukiweka na msuguano wa matairi."

"Kumi na mmoja nini?"

"Farasi. Ndio walioko kazini."

Kumbe mende alikula jibu.

Akajaribu kunituliza. Alisema wale tisini wa kitabuni hupatikana injini ikiwa inazunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika, tena ikiwa imefungwa kwenye meza ya kiwanda, na mimi kwa umri wangu siivushi 2,500. Na kwamba hata vitabu havisemi kweli sawasawa: Wamarekani walikuwa wakipima injini tupu, bila eksozi yake wala mikanda ya kuichosha, hadi magari ya mwaka 1972 walipoanza kupima ikiwa imevaa nguo zake zote, na farasi wengi wakapotea nchi nzima bila hata mmoja kutoka zizini. Nikamwambia wangu hawakupotea kwa kalamu. Wamepotea mbele ya mwanamke mwenye beseni.

Jumatatu nikateremka kwa fundi. Kuteremka sina tatizo, gari langu likiteremka ni jipya. Nilimwambia sitaki imani ya mwaka huu, nataka kipimo. Akatoa geji ya kompresheni kutoka kwenye soksi, ndiyo, anaihifadhi kwenye soksi, akang'oa plagi zote nne akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda. Akaikaza geji kwenye tundu la kwanza. Akaniambia niingie ndani, nikanyage mafuta hadi mwisho, nipige stata. Injini ikakohoa kavu, chuf, chuf, chuf, mshale ukapanda kwa hatua ukasimama 120. Silinda ya pili 115. Ya nne 118. Ya tatu ilifika 70 ikaona inatosha.

Fundi hakusema kitu. Akachukua kizibo cha soda, akamimina oili humo, akaitia oili kwenye tundu la silinda ya tatu, taratibu, kama anayemtia mtoto dawa ya sikio. "Piga tena." Nikapiga. Mshale ukaenda 105.

"Unaona? Ingekuwa valvu, oili isingesaidia. Hizi ni ringi. Oili imeziba njia kwa muda, ikaisha hapohapo. Inatakiwa mia na hamsini hivi, Mzee, zote."

Ndipo elimu ya mpwa wangu ilipolipa gharama ya wali. Nikamweleza fundi kwamba hiyo mia na hamsini ni ya pwani. Hapa hewa inayoingia ni pungufu tangu mlangoni, hivyo hata injini mpya kabisa ingesoma kama 130 tu. Silinda zangu tatu kwa hiyo si wagonjwa, ni wakazi wa Kampala. Fundi alifikiri, akatikisa kichwa, akasema hajawahi kuona mteja anayemtetea mgonjwa wake dhidi ya kipimo.

Habari njema ni kwamba silinda za 504 ni silivu, mirija inayochomolewa. Si lazima ubebe injini nzima Katwe ukachonge, unachomoa silivu na pistoni yake unatumbukiza nyingine. Habari mbaya ni bei. Nilipoisikia nilikaa kwenye tairi.

Nikiwa pale kwenye tairi, spana boi wake, mtoto wa miaka kumi na saba hivi ambaye kazi yake ilikuwa kushika tochi, alikuwa ameinama juu ya kabureta. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akasema, "Mzee, ukikanyaga, unakanyaga mpaka mwisho?"

Nilimjibu kwa namna ambayo mtu mzima humjibu mtoto aliyemuuliza kama anajua kukanyaga.

"Basi ingia ukanyage."

Nikaingia, nikakanyaga hadi mguu ukagota.

"Bado."

"Bado nini? Nimegota!"

Akaja mlangoni, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya miguu yangu, akaanza kutoa vitu. Kwanza ikatoka raba ya sakafu. Chini yake zulia. Chini ya zulia ukatoka mkeka. Mkeka wa ukindu, wa rangi, nilioutandika mwenyewe mwaka ule tulipoondoka Tanga ili nikiendesha ugenini miguu yangu iwe kwetu, na kila mwaka nikautandikia kitu juu yake usichafuke. Chini ya ule mkeka mlikuwa na mkeka mwingine. Huo alisema ni wa mwalimu mkuu.

Alipomaliza, pedeli ya mafuta ilipata nafasi ya kushuka inchi mbili ambazo sikuwahi kuzijua. Akaniita nitazame kabureta huku yeye anakanyaga. Lina makoo mawili. La kwanza hufunguka ukigusa mafuta. La pili hungoja, halifunguki mpaka pedeli ikaribie sakafu, hilo ndilo la mlima, ndilo la kumpita mtu. Koo langu la pili lilikuwa limeganda kwa utando wa kahawia kama gundi, kwa muda ambao hakuna aliyetaka kuukadiria. Kijana akalisafisha kwa mswaki na petroli. Lilipofunguka mara ya kwanza lilitoa sauti ndogo, tik, na fundi mkuu akawa anatazama upande mwingine, kule kwenye rundo la plagi zangu za miaka yote.

Kwa hiyo hesabu ya farasi, kwa wanaopenda kumbukumbu: kuna waliochukuliwa na mwinuko wa nchi, hao hawarudi. Kuna wanaochuruzika silinda ya tatu, hao wanasubiri mshahara, na si wa mwezi huu. Na kundi kubwa lilikuwa limefungwa na mkeka, mlinzi ni mimi. Mama Watoto nilimwambia ni kabureta. Si uongo.

Jumanne jioni nikarudi Akii Bua Road peke yangu, bila kuku. Nikakanyaga mpaka kwenye bati. Gari likanguruma kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau, moshi wa bluu ukajaa barabara nzima nyuma yangu, na mshale ukapanda: ishirini na tano, ishirini na nane, thelathini. Ukakaa hapo mpaka juu. Sawasawa na marehemu, kasoro viunzi.

Silivu nitanunua mwezi mmoja huko mbele, Mungu akipenda na shule ikilipa. Mkeka nimeutandika sebuleni. Kwa sasa, wewe mwenye gari jeusi refu, na wenzako wote mnaopandia upande ule jioni, ukikuta Pijo lililokuwa jeupe limetangulia na moshi wake, usipige honi. Pita kulia. Ila ukiona mkono umetoka dirishani, ngoja kwanza, indiketa ya upande huo haiwaki.